Kununua mbao ngumu kwa useremala wa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanamhusu mtu anayetengeneza meza, rafu, kabati au sanduku nyumbani kwa sababu anapenda, si kwa sababu kuna mteja anasubiri mlangoni. Majibu mengi yatarudi kwenye jambo moja: ubao ulioushika mkononi una habari nyingi kuliko jina analolitaja muuzaji, na habari hizo unaweza kuzipata kwa macho, pua, kucha na mizani ya jikoni.

Mbao ngumu ni zipi hasa?

Ni mbao za miti ya majani mapana: mninga, mvule, msaji, mkongo, mahogani, mwaloni, mpingo, mkaratusi na kadhalika. Misonobari, mierezi na mipodo iko kundi la pili, la mbao laini. Mgawanyo huu ni wa wataalamu wa mimea na haukuambii ubao ni mgumu kiasi gani. Balsa, ile wanayotengenezea ndege za mfano, imo kwenye kundi la mbao ngumu, na mita moja ya ujazo ya balsa kavu ina uzito wa karibu kilo 150 tu; kucha inazama bila jasho. Mpingo ni wa kundi hilohilo na mita yake ya ujazo hupita kilo 1,200, yaani ukiutia majini unazama.

Ugumu wenyewe una kipimo chake kinachoitwa Janka: nguvu inayohitajika kuididimiza gololi ya chuma ya milimita 11.28 hadi nusu yake iingie kwenye mbao. Mwaloni mwekundu unahitaji pauni 1,290 hivi. Nyumbani huna haja ya gololi. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba mahali pasipoonekana: alama ikiingia kwa urahisi, usiitumie mbao hiyo kwa uso wa meza ya kufanyia kazi.

Nianzie wapi kabla ya kwenda kununua?

Anza na karatasi. Andika kila kipande cha mradi wako: urefu, upana, unene, idadi. Miguu minne, fremu nne, uso wa meza vipande vitano, na kuendelea. Kisha panga ni vipande gani vinaweza kutoka kwenye ubao mmoja. Asiyekuwa na karatasi hununua kwa macho, na macho hupenda ubao mpana wenye rangi nzuri, hata kama mradi mzima ni wa vipande vifupi vyembamba ambavyo vingetoka kwenye mbao za bei ya chini.

Zingatia zaidi kipande kirefu kuliko vyote na kipande kinene kuliko vyote. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua ununue nini. Vingine vyote vitajipanga.

Chukua pia tepu ya kupimia, chaki au penseli nene, kirandio kidogo cha mkono kama muuzaji ataruhusu, na tochi. Yadi nyingi zina giza kule nyuma, na mbao nzuri mara nyingi ziko kule nyuma.

Anayeanza achague aina gani?

Achague mbao inayotulia, inayokubali randa, na ambayo akiikosea hatalia. Msaji na mahogani zina sifa hiyo ya kutulia: zikikauka hazichezichezi sana. Mninga nao hutulia ajabu, hupokea patasi vizuri na haudai mengi kwenye vanishi. Mvule ni imara na unavumilia unyevu, lakini wakati mwingine hubeba ndani yake mawe madogo ya chokaa ambayo huwezi kuyaona kutoka nje. Meno ya msumeno ndiyo yanayoyagundua. Msaji nao una silika inayochosha ncha za vifaa, na mafuta yake huikataa gundi ukichelewa. Ukishapiga randa, futa uso kwa asitoni na ubandike siku hiyohiyo.

Mkaratusi ni mgumu na hupatikana kwa wingi, ila ukikaushwa ovyo hujinyonga na kupasuka. Mpingo usiuguse kwanza. Unavunja moyo na vifaa, na vumbi lake huwasha ngozi za watu wengi.

Mwaloni mwekundu una vinyweleo vikubwa, yaani vijitundu vya mbao yenyewe, vinavyohitaji kujazwa ukitaka uso laini kama kioo, lakini ni mwalimu mzuri: nyuzi zake zinaonekana wazi, kwa hiyo unajua mapema randa ipite upande gani.

Nitajuaje kama mbao zimekauka?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo wanunuzi wengi hulipitia juujuu. Ubao mzuri wa aina ya fahari ulio mbichi utakuharibia meza. Ubao wa kawaida uliokauka vizuri utakaa miaka mingi.

Unyevu wa mbao huhesabiwa kwa asilimia ya uzito wa mbao kavu kabisa. Mti uliokatwa leo unaweza kupita asilimia 60, wakati mwingine hata 100. Mbao huanza kusinyaa inaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Kabla ya hapo inapoteza maji tu bila kubadilisha umbo. Kwa fanicha ya ndani, lengo ni kati ya asilimia 6 na 8 kwenye nyumba zinazopashwa joto majira ya baridi, na kati ya 10 na 14 kwenye nyumba za joto zenye madirisha wazi. Hewa yenyewe ndiyo inayoamua: kwenye nyuzi joto 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 65, mbao itatulia karibu na asilimia 12, hewa ikifika asilimia 80, itapanda hadi karibu 16.

Kipima unyevu cha pini mbili ni kifaa kidogo ambacho kitajilipa haraka. Kitumie vizuri lakini. Usichome pini kwenye kichwa cha ubao, maana kichwa hukauka kwanza na kitakudanganya. Nenda ndani angalau sentimita 30. Ubao ukiwa mnene, uso unaweza kusoma 12 huku katikati kukiwa na 20. Ukiruhusiwa kukata kichwa, pima kwenye mkato mpya.

Kama huna kipima, kuna njia ya oveni ambayo ni sahihi kuliko kifaa chochote cha mkononi. Kata kipande chembamba cha upana wote wa ubao, sentimita 2 hivi kufuata urefu, mbali na kichwa. Kipime papo hapo kwenye mizani ya jikoni. Tuseme ni gramu 92. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, ukitoe na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena. Tuseme kimesimama kwenye gramu 80. Maji yaliyotoka ni gramu 12. Gawanya kwa 80, unapata asilimia 15. Ubao huo bado haujafaa kwa kabati, ila hauko mbali.

Dalili nyingine: ubao mbichi ni mzito kuliko mwenzake wa ukubwa uleule, una ubaridi ukiuweka shavuni, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole hutoa sauti butu. Dalili hizi husaidia kulinganisha mbao mbili za aina moja. Peke yake haitoshi hata moja.

Nikikuta zote ni mbichi?

Zinunue kama unaweza kusubiri, na udai bei ya mbao mbichi. Makadirio ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa kukausha kwa hewa. Hali ya hewa ya joto na upepo hupunguza muda huo, na mbao nzito huurefusha.

Panga mbao mahali penye kivuli na upepo, juu ya msingi ulio sawa, sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa milimita 20 hivi, kila baada ya sentimita 40 hadi 60, na vijiti hivyo vipangane wima, kimoja juu ya kingine, kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikosea mstari, ubao utapinda pale pale. Paka vichwa rangi nzito ya mafuta au nta siku ileile ya kupasuliwa. Maji hutoka kichwani kwa kasi kubwa kuliko usoni, na kasi hiyo ndiyo inayoleta nyufa. Juu kabisa weka mizigo mizito, na bati au turubai la kuzuia mvua na jua la moja kwa moja, bila kufunga ubavuni.

Za tanuri na za kukaushwa kwa hewa, zipi bora?

Za tanuri zimefika chini zaidi na joto limewaua wadudu. Za hewa mara nyingi zina rangi hai zaidi na hukatika kwa raha. Hatari ya tanuri ni haraka: mbao iliyokaushwa kwa pupa hubaki na mvutano ndani. Utaijua ukianza kuipasua kwa urefu, msumeno unabanwa au vipande viwili vinatawanyika kila kimoja upande wake.

Kabla ya kununua nyingi, nunua moja uijaribu. Kata kipande cha kuvuka ubao, sentimita 2, kisha utoe sehemu ya katikati ya unene wake ili kibaki na meno mawili marefu kama uma. Meno yakielekeana na kubanana ndani, ubao una mvutano. Yakikaa sambamba, rudi ukanunue nyingine zaidi za aina hiyo.

Kwa nini muuzaji anahesabu kwa futi ya ubao, na ni nini hicho?

Ni kipimo cha ujazo, si cha urefu. Futi moja ya ubao ni kipande cha futi 1 kwa futi 1 kwa inchi 1. Hesabu yake: unene kwa inchi, mara upana kwa inchi, mara urefu kwa futi, gawanya kwa 12. Ubao wa inchi 1, upana inchi 8, urefu futi 9, ni 1 × 8 × 9 ÷ 12, yaani futi 6 za ubao.

Anayeuza kwa mita za ujazo anatumia hesabu ileile kwa vipimo vingine; mita moja ya ujazo ni karibu futi 424 za ubao. Anayeuza kwa futi ya urefu ndiye wa kumwangalia, kwa sababu ubao wa inchi 6 na ule wa inchi 8 ukihesabiwa kwa urefu tu huwezi kulinganisha bei mpaka urudi kwenye ujazo. Fanya hesabu kwenye simu kabla hujafungua mkoba.

Ubao wa inchi moja mbona nikiupima si inchi moja?

Kwa sababu inchi hiyo ilihesabiwa kabla ya randa, na mara nyingi kabla ya kukauka. Ubao wa inchi 1 ukipigwa randa pande mbili hubaki milimita 20 au 21. Ule maarufu wa 2 kwa 4 wa Marekani, ambao ni mbao laini, kwa kweli ni milimita 38 kwa 89. Huu ni utaratibu wa biashara na hakuna aliyekuibia, mradi wewe unajua. Kama mchoro wako unataka unene wa milimita 25 kamili baada ya kazi, nunua ubao wa inchi moja na robo.

Ninunue zilizopigwa randa au zisizopigwa?

Kama huna mashine ya randa wala subira ya randa ya mkono, nunua zilizopigwa. Utalipa zaidi, lakini utaona nyuzi na kasoro zote. Ubao usiopigwa una unene wa akiba: ukijikunja kidogo nyumbani, bado una nyama ya kunyoosha. Ule uliokwisha kupigwa ukijikunja, kuunyoosha ni kuufanya mwembamba kuliko ulivyotaka.

Niukague vipi ubao mmoja mmoja?

Anzia kichwani. Pete za ukuaji pale zinakuambia ubao ulitoka sehemu gani ya gogo. Pete zikikaa kama matao mapana, ubao umepasuliwa kwa kupita pembeni mwa gogo; utakuwa na michoro mizuri usoni, na utakuwa na tabia ya kujikunja, kana kwamba matao hayo yanajaribu kunyooka. Pete zikisimama wima, umepasuliwa kwa robo. Utatulia zaidi na utagharimu zaidi. Ukiona kitovu kabisa, yaani ule moyo wa gogo ambapo pete zote zinaanzia, hapo ufa uko njiani hata kama leo hauonekani.

Tofauti hii si ya mapambo. Mbao husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuzikata pete, na kwa urefu husinyaa kidogo mno. Mwaloni mwekundu kutoka ubichi hadi ukavu kabisa husinyaa asilimia 8.6 kufuata pete na 4.0 kuzikata. Chukua uso wa meza wa milimita 600 uliotengenezwa kwa mbao zenye matao, ukiwa na unyevu wa asilimia 14, kisha ukauke nyumbani hadi 10. Utapungua karibu milimita 7. Ukiwa umeugandisha kwa gundi na skrubu kwenye fremu isiyosogea, milimita hizo 7 zitatafuta pa kutokea, na zitatokea kwenye ufa.

Sasa inua kichwa kimoja hadi usawa wa jicho na utazame kwa urefu, kama mtu anayelenga shabaha. Kuna kasoro nne na hazilingani. Kupinda kama upinde kwa urefu kunavumilika ikiwa utakata vipande vifupi. Kwenda kando, yaani ubavu ukichora tao, kunavumilika pia. Unapoteza upana kidogo. Kujikunja kwa upana kunavumilika kama utapasua ubao katikati na kuunganisha tena. Kujinyonga, ambapo pembe moja imeinuka na nyingine imelala, ndiko kwa kuogopa. Ubao uliojinyonga urudishe mahali ulipokuwa, hata ukiwa na rangi ya kukuliza. Mara nyingi ukiunyoosha utaendelea kujinyonga.

Tafuta nyufa kichwani na uhesabu kwamba utapoteza urefu wa ufa unaouona na kidogo zaidi. Ukilowesha kichwa kwa kidole chenye maji, ufa mwembamba hujionyesha. Vifundo vilivyoshikamana na mbao ni uzuri kwa wengine. Vifundo vyenye mviringo mweusi vitadondoka siku moja. Angalia pia nyuzi kwenye ubavu: zikikimbia kwa mshazari kutoka uso mmoja hadi mwingine, usiutumie ubao huo kwa mguu wa kiti. Utakatika pale mtu mzito atakapokaa.

Na ukimaliza kupekua, panga rundo kama ulivyolikuta. Wauzaji hukumbuka sura.

Ile sehemu nyeupe pembeni ina tatizo?

Kwa nguvu, hapana. Kwa kudumu, ndiyo. Sehemu hiyo ya nje ndiyo iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, ina wanga, na wadudu wanaijua. Kwa kitu cha ndani unaweza kuitumia kama pambo. Kwa benchi la nje ikate yote.

Madaraja ya ubora yana maana gani?

Hutegemea nani ameyapanga. Mfumo uliosambaa zaidi kwenye biashara ya mbao ngumu za Amerika Kaskazini ni wa chama cha NHLA, kilichoanzishwa mwaka 1898. Daraja lake la juu, FAS, linataka ubao wa angalau inchi 6 kwa futi 8 unaoweza kutoa vipande safi kwa asilimia 83 na theluthi ya uso wake. Daraja namba 1 la kawaida linashuka hadi asilimia 66 na theluthi mbili, na linakubali ubao wa inchi 3 kwa futi 4.

Madaraja hupima kiasi cha mbao isiyo na kasoro. Hayasemi chochote kuhusu uzuri. Mtu anayetengeneza masanduku, fremu za picha au milango midogo ya kabati anapoteza fedha kununua FAS. Vipande vyake vyote vifupi vitatoka kwenye daraja la chini, na huko ndiko unakokuta michoro ya ajabu.

Muuzaji anasema hii ni mahogani. Nimwamini?

Muulize mahogani ipi. Jina hilo hubeba miti ya Amerika ya jenasi ya Swietenia, ndugu zao wa Afrika wa jenasi ya Khaya ambao ndio mikangazi, na mingine isiyo na undugu nao kabisa lakini yenye wekundu wa kufanana. Rangi ni shahidi dhaifu: jua huigeuza, na mafuta yaliyopakwa hudanganya.

Kata kichwa kwa patasi kali au wembe, upate uso laini wa ukubwa wa kidole, kisha utazame kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Ukubwa wa vinyweleo, mpangilio wake na mistari inayovikata ndivyo vitambulisho vya kweli. Kuna na majaribio madogo ya kufurahisha. Tia maranda ya mbao za jamii ya mninga kwenye glasi ya maji na uimulike kwa taa ya urujuanimno: nyingi hutoa mng'ao wa buluu. Chukua kipande kifupi cha mwaloni mwekundu, chovya kichwa kimoja kwenye maji ya sabuni na upulize kutoka kichwa cha pili. Mapovu yatatoka, kwa sababu vinyweleo vyake viko wazi. Mwaloni mweupe umeziba, ndiyo maana mapipa ya kuhifadhia vinywaji hutengenezwa kwa huo na si kwa mwekundu.

Usinunue mbuzi kwenye gunia, lakini pia usimgeuze muuzaji mshtakiwa. Mara nyingi naye ameambiwa na aliyemletea.

Niongeze kiasi gani juu ya hesabu yangu?

Asilimia 20 kwa mbao safi na mradi mnyoofu. Asilimia 30 au zaidi ikiwa mbao hazijapigwa randa, zina vifundo, au unataka kuoanisha rangi na michoro. Nunua zote siku moja kutoka rundo moja ukiweza. Ukirudi baada ya mwezi kutafuta ubao mmoja uliopungua, utapata wa gogo jingine na utaonekana kwenye uso wa meza milele.

Nimeona vijitundu vidogo. Niache?

Gonga ubao juu ya karatasi nyeupe. Unga laini ukidondoka, wadudu wako kazini. Usiuingize nyumbani, maana watahamia kwenye dari na milango. Vijitundu vikavu vyenye kingo nyeusi mara nyingi ni vya wadudu waliotoboa mti ungali mbichi, wakaondoka. Hao hawarudi kwenye mbao kavu. Kama una shaka, zungushia mstari wa penseli vitundu vyote, uweke ubao mbali na vingine kwa wiki kadhaa, utazame kama kuna kipya.

Mbao zilizotumika je, za nyumba kuukuu au za paleti?

Mbao za majengo ya zamani zinaweza kuwa hazina kubwa: zimekauka kwa miongo na hutokana na magogo mapana. Zina misumari pia. Pitisha kigunduzi cha chuma au sumaku yenye nguvu kabla msumeno haujagusa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usizipige msasa mkavu. Mbao zenye ukijani wa dawa ya kuhifadhi zinaweza kuwa na arseniki; hizo usizipasue ndani wala usizichome.

Paleti zinazovuka mipaka hugongwa muhuri. Herufi HT maana yake zilipashwa moto hadi kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Hizo zinafaa, kama hazijamwagikiwa kitu kisichojulikana. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi. Ziache.

Uhalali wa mbao unanihusu mimi mwenye benchi moja?

Unakuhusu. Baadhi ya miti inayopendwa na mafundi iko kwenye orodha za CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Jenasi nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo tangu Januari 2017, na ule wa Brazili, Dalbergia nigra, una ulinzi mkali zaidi tangu 1992. Mahogani ya majani makubwa iko kwenye Kiambatisho cha Pili tangu 2003. Mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ukaongeza mikongo, mikangazi na mininga ya Afrika.

Kuwa kwenye Kiambatisho cha Pili si marufuku ya kununua. Ni sharti la vibali mbao inapovuka mpaka. Omba risiti inayotaja aina ya mti na mahali ulipovunwa, na uitunze. Alama ya FSC, shirika lililoanzishwa 1993, inasaidia pale inapopatikana. Muuzaji anayekasirika ukiuliza mbao zimetoka wapi ameshakujibu.

Nikizifikisha nyumbani nianze kazi?

Subiri. Zipange kwa vijiti ndani ya chumba zitakamofanyiwa kazi, au bora zaidi chumba fanicha itakapokaa, kwa wiki moja au mbili. Zaidi kama ni nene. Usizilaze sakafuni wala kuziegemeza ukutani. Pima ubao mmoja kwa mizani ya mizigo kila wiki na uandike tarehe na uzito kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Uzito ukisimama, mbao zimezoea hewa yako.

Ukishaanza, kata vipande vikiwa vikubwa kuliko vipimo, uviache siku mbili tatu, kisha ndipo uvipige randa ya mwisho. Toa kiasi sawa pande zote mbili. Ukila upande mmoja tu, ubao utajikunja usiku huohuo.

Vumbi lina hatari kweli, au ni kikohozi tu?

Lina hatari kweli. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Vaa barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95 unapopiga msasa. Vumbi la mvule huwawasha wengi puani na kwenye macho. Aina mpya ijaribu kwa kipande kidogo kabla hujanunua rundo.

Vipande vinavyobaki nivitupe?

Kilicho kirefu kuliko shubiri moja na kipana kuliko vidole vitatu kina kazi: mishikio, pini za maungio, vibao vya kujaribia vanishi. Andika kichwani jina la mti na mwezi uliponunua, maana baada ya mwaka vyote vitakuwa vya kahawia. Vifupi zaidi ya hapo viwe kuni, isipokuwa vilivyotiwa dawa, rangi au gundi.